Picha Mbili, Admirali Mmoja

Mwezi wa tano Mji Mkongwe hulala. Mvua inanyesha tangu alfajiri, maji yanapita vichochoroni yamebeba maganda ya machungwa na vipande vya maboksi, na ukimwona mtalii basi huyo kapotea njia. Mimi nina kiduka cha kuchapa picha na kutia fremu, nilichorithi kwa baba pamoja na madeni yake. Siku hiyo nilikuwa nakata kioo cha picha ya harusi ya watu wa Mwembeladu, bibi harusi kakunja uso kama kaonewa, ndipo akaingia mama mmoja, mwavuli unachuruzika. Akasema "hodi" vizuri kabisa, halafu Kiswahili kikamwishia hapo hapo.

Tukaendelea kwa Kiingereza. Alikuwa Mnijeria, kaja kwenye semina ya siku tatu katika hoteli moja ya ufukweni, na kwenye pochi alikuwa na flashi yenye picha moja tu. Alitaka ichapwe saizi ya A3, itiwe fremu nyeusi isiyo na nakshi. Nikamuuliza picha ya nini. "Ya kwetu," akasema. "Benin." Nikajitia ujuzi, nikamwambia mbona umesema wewe Mnijeria, na Benin ni nchi nyingine. Akacheka kwa uchovu wa mtu aliyeulizwa hilo mara mia. Ile nchi, akanieleza, ilikuwa ikiitwa Dahomey mpaka mwaka 1975 ndipo ikabadili jina. Benin yenyewe, mji wa Waedo, mji wa Oba, mfalme wao, uko Nijeria. "Wao wamechukua jina tu. Mji tunao sisi."

Nikaifungua picha kwenye kompyuta.

Kazi yangu imenizoesha kutotazama picha kama watu wengine. Mimi natazama kwanza weusi umekaa wapi na weupe umekaa wapi, kama itakubali kukuzwa au itavunjika vipande. Hii ilikuwa na ukungu wa picha za zamani, lakini ilikuwa imeskaniwa vizuri. Nyuma kuna kuta zilizoungua, paa hakuna. Katikati kuna wanaume watatu wa Kizungu wamevaa kofia zile za jua, wamejituliza kama watu wanaosubiri chai. Mbele yao, chini, kwenye vumbi na majivu, vitu vimetapakaa. Nikadhani ni vigae vya nyumba iliyobomoka.

Nikaikuza. Havikuwa vigae. Vilikuwa vibao vya shaba, na kwenye vibao kuna watu: wamesimama wima, wana shanga mpaka kidevuni. Kila nilipokuza nikaona sura nyingine inanitazama kutoka chini, imelala chali. Niliacha mkono juu ya mausi kwa muda. Mama yule alikuwa kakaa kwenye stuli ya plastiki anakung'uta mwavuli, hakusema kitu. Alishaiona mara nyingi.

Picha hiyo ilipigwa Februari 1897 na Reginald Granville, afisa wa serikali ya Kiingereza katika himaya waliyoiita ya Pwani ya Niger. Nakala imehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza, London. Mahali penyewe ni ndani ya jumba la Oba wa Benin, siku chache baada ya mji kutekwa na kuungua. Kwenye picha nzima hakuna Mwedo hata mmoja, ukiacha wale wa shaba.

Nilimwambia arudi kesho yake jioni, kwa sababu mbao nyeusi zilikuwa zimekwisha. Kwa kweli zilikuwapo. Nilitaka nilale na ile picha usiku mmoja.

Usiku huo nilisoma mpaka adhana. Nilianza na picha nyingine, ya zamani zaidi, ambayo huenda msomaji umewahi kuiona pasi na kujua ni ya nini. Mwaka 1668 Mholanzi mmoja, Olfert Dapper, alichapisha Amsterdam kitabu kikubwa kuhusu Afrika. Mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Alikusanya habari za wafanyabiashara na mabaharia akiwa kwao. Ndani yake mna mchoro wa mji wa Benin: Oba yuko juu ya farasi, wanamuziki na chui wa kufugwa wanamtangulia, na nyuma yao majumba yenye minara mirefu iliyochongoka, juu ya kila mnara ndege kakunjua mbawa. Mchoro huo una mengi ya kubuni. Lakini maneno ya Dapper yana jambo moja la kushika: anasema mapaa ya jumba yanashikiliwa na nguzo za mbao zilizofunikwa kwa shaba kutoka juu mpaka chini, na kwenye shaba hiyo kumechorwa vita na ushindi wao, na kwamba husafishwa zikang'aa.

Ndivyo vibao vile vile. Vilivyokuwa nguzoni vikisuguliwa karne ya 17, karne ya 19 viko majivuni. Vilitengenezwa na chama cha wahunzi cha Igun, waliokuwa wakimfanyia kazi Oba peke yake. Mtindo wao ni wa nta: unafinyanga sura kwa nta, unaifunika udongo, unachoma, nta inayeyuka na kutoka, kisha unamimina shaba pale nta ilipokuwa. Ukitaka kukitoa kitu, lazima uvunje kalibu. Kwa hiyo kila kibao ni kimoja, hakina pacha. Shaba yenyewe sehemu kubwa ilikuja kwa Wareno, kwa vikuku vizito vilivyotumika kama fedha, wakibadilishana kwa pilipili, pembe za ndovu na, ndiyo, watu. Hapa sitaki kupaka rangi. Benin haikuwa peponi. Ilikuwa dola, na dola zina mikono michafu.

Mwaka 1892 konseli mdogo wa Kiingereza, yaani mwakilishi wa serikali yao huko, Henry Gallwey, alifika Benin na karatasi ya mkataba. Oba Ovonramwen alikuwa na miaka minne tu kwenye kiti. Mkataba ukatiwa alama, na kwa karatasi ile Waingereza wakahesabu kwamba nchi iko chini ya himaya ya malkia wao na biashara iko wazi. Ovonramwen hakuhesabu hivyo. Aliendelea kufunga na kufungua masoko kama walivyofanya Oba waliomtangulia, akitoza ushuru, akizuia mawese pale alipoona anapunjwa. Wafanyabiashara wa pwani wakanung'unika, na manung'uniko ya wafanyabiashara yana njia yake ya kufika London.

Novemba 1896 kaimu konseli mkuu, James Phillips, aliandika barua kwa wakubwa wake. Aliomba ruhusa ya kwenda na askari kumng'oa Oba. Akaongeza, na hapa ndipo niliposoma mara mbili, kwamba ana sababu ya kutumaini kuwa nyumbani kwa mfalme zitapatikana pembe za ndovu za kutosha kulipia gharama za kumwondoa kitini.

Rudini kwenye tarehe. Novemba. Hakuna Mzungu aliyekuwa ameuawa. Hakuna cha kulipiziwa kisasi. Bili imeshaandikwa na anayelipa ameshajulikana.

Phillips hakungoja ruhusa. Mwanzoni mwa Januari 1897 aliondoka na Wazungu wenzake wanane na wapagazi zaidi ya 200, akisema anakwenda kwa mazungumzo. Oba alikuwa kwenye sherehe za Igue, siku ambazo hapokei wageni, na alituma ujumbe kwamba wasubiri. Hawakusubiri. Tarehe 4 Januari wapiganaji waliokuwa chini ya chifu Ologbosere waliwavizia njiani. Wazungu saba wakauawa, wawili wakaponea msituni. Wapagazi wengi waliuawa au kutekwa. Magazeti ya London yaliwalilia wale saba kwa majina yao. Wapagazi hawakuwa na majina. Walikuwa "zaidi ya 200".

Sasa nifike kwa mtu aliyeniondoa usingizi. Nilikuwa nasoma habari za jeshi lililotumwa kuiadhibu Benin: watu wapatao 1,200, wanamaji wa meli za kivita na askari wa himaya, na wapagazi kwa mamia, wakiwa na bunduki za Maxim, mizinga midogo na roketi. Jemadari wao: Admirali Harry Rawson. Nikapita. Nikarudi. Rawson?

Juu ya meza yangu, upande wa kulia, ukutani, kuna picha aliyoitundika baba kabla sijazaliwa. Ni ya Beit al-Hukum, mojawapo ya majumba ya Sultani hapa Unguja, baada ya kupigwa mizinga, boriti zimening'inia, kuta zimetoboka, na jirani yake Beit al-Ajaib bado limesimama. Picha hiyo nimeichapa mara ngapi sijui. Watalii wanaipenda kwa sababu magofu yanapendeza yakiwa ya nyeusi na nyeupe. Chini yake baba alibandika kikaratasi cha Kiingereza chenye maneno "Old Zanzibar", na mimi nikakiacha.

Aliyeamuru mizinga ile ni Harry Rawson.

Wazanzibari tunaijua hadithi, ingawa siku hizi tunaisimulia kama kichekesho cha vita vifupi kuliko vyote duniani. Sultani wetu, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Sayyid Khalid bin Barghash akaingia jumbani akajitangaza. Waingereza walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed. Rawson akawasili tarehe 26 na meli yake kubwa, St George, akazikuta bandarini Philomel, Thrush, Sparrow na Racoon. Khalid akapewa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Kwa dakika 38, au 40 na ushei kwa hesabu nyingine, mbele ya bahari palikuwa moshi mtupu. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, wengi wao ndani ya majumba ya boriti na mikoko yaliyoshika moto. Upande wa pili baharia mmoja alijeruhiwa. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama pale pale bandarini, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini kwa miaka. Kwenye kadi za posta za wakati ule utaiona, kama vidole vya mtu anayeomba kuvutwa.

Miezi sita baadaye St George ile ile ilikuwa pwani ya Afrika Magharibi, na Philomel pia. Rawson hakuwa na kinyongo maalumu na Zanzibar wala na Benin. Alikuwa mkuu wa kituo cha wanamaji cha Rasi ya Tumaini Jema, na eneo lake lilizunguka bara zima kwa chini, kutoka magharibi mpaka kwetu. Zilikuwa siku zake za kazi. Mwaka 1895 alikuwa ameshateremsha askari Mombasa, akapanda nao hadi Mwele, kwenye vilima vya Kwale, kuvunja ngome ya Mbaruk bin Rashid Mazrui. Mwele, Agosti 1895. Unguja, Agosti 1896. Benin, Februari 1897. Waliopigana Mwele na waliopigana Benin walipewa nishani ya aina moja, yenye kichwa cha Malkia Victoria. Tofauti ni kwamba Benin iliandikwa kwenye kipande cha fedha juu ya utepe, na Mwele ikachongwa ukingoni mwa nishani. Kwa Unguja, Sultani mpya, yule yule aliyewekwa na mizinga yake, alimtunuku Rawson nishani ya Nyota Inayong'ara ya Zanzibar.

Nilikaa nikizitazama picha mbili, moja kwenye skrini na moja ukutani. Ni kama kugundua kwamba fundi aliyekubomolea ukuta ndiye aliyembomolea mwenzio mtaa wa pili, kwa nyundo ile ile.

Benin ilitekwa tarehe 18 Februari, baada ya siku kadhaa za kupigana msituni kutoka Ologbo, kikosi kikibeba mpaka maji ya kunywa. Mjini wanajeshi walikuta maiti za watu waliotolewa kafara, wengi, katika siku zile za mwisho za hofu. Hilo lilitokea, na Waedo wenyewe hawalikani. Lakini angalia lilivyotumika. Afisa wa upelelezi wa msafara, Reginald Bacon, alitoa kitabu mwaka ule ule na kuuita mji ule mji wa damu, na jina likaganda. Toka hapo kila aliyeona kibao cha shaba London alikiona kimetoka kwenye damu, kwa hiyo kukichukua kulikuwa kama kukiokoa. Maiti zilizoanguka kwa Maxim njiani hazikuingia kwenye jina la kitabu. Hazikuingia hata kwenye hesabu. Waedo wangapi walikufa katika siku zile hakuna aliyeandika.

Tarehe 21 moto ukatokea, ukala jumba na sehemu kubwa ya mji. Waingereza waliandika kwamba ni ajali. Pengine ni kweli. Mapaa ya makuti na kiangazi cha Februari havihitaji makusudi. Ila kabla ya hapo walishachoma na kubomoa nyumba za wakubwa kwa amri, na mtu anayecheza na viberiti ndani ya banda la makuti, moto ukimponyoka hatumwiti mwenye bahati mbaya.

Ndipo Granville akasimamisha kamera yake. Naijua kazi ya kamera za wakati ule kwa sababu baba alikuwa nayo moja dukani, ya pambo. Ni boksi la mbao kwenye miguu mitatu, na bamba la kioo unalitia moja moja. Hupigi kwa pupa. Unachagua mahali, unawaambia watu watulie, unapanga mbele pakae nini. Kwa hiyo mimi, fundi fremu, nina hakika na jambo moja kuhusu picha ile: mbele pamewekwa vibao kwa sababu mpiga picha alitaka tuvione vibao. Angetaka mji, angegeuza kamera akapiga njia zile pana zilizowashangaza wageni kwa miaka 300, au mahandaki na kuta za udongo zilizouzunguka. Alichopiga ni shehena. Tuna picha za namna hiyo hapa kwetu: wavuvi wamesimama nyuma ya papa, pembeni mizani.

Ile bili ya Phillips, sasa imelipwa. Pembe za ndovu ziliuzwa kufidia gharama za msafara. Chui wawili wa pembe, wenye madoa ya shaba, Rawson aliwapeleka kwa Malkia. Vibao vikafika London, na Septemba ya mwaka ule ule Makumbusho ya Uingereza yakaonyesha zaidi ya 300. Vingi vikauzwa, Berlin wakanunua kwa wingi. Wataalamu walipigwa na butwaa, wakaanza kubishana ni nani aliyewafundisha Waafrika kazi hii, Wamisri au Wareno. Watu wa Igun walikuwa hai. Hawakuulizwa.

Na Unguja? Hapa tulikuwa na bili yetu. Waliomuunga mkono Khalid walilazimishwa kulipia makombora waliyopigwa nayo, pamoja na fidia ya mali zilizoporwa mjini wakati wa ghasia, iliyofika rupia 300,000. Tuliuziwa mizinga iliyotupiga, na kwa bei ya jumla. Hilo sikulikuta kwenye kitabu cha shule.

Kesho yake jioni mama alirudi, safari hii bila mvua. Fremu ilikuwa tayari. Nikamwonyesha picha ya ukutani, nikamwambia habari ya Rawson. Aliisogelea, akasoma kikaratasi cha baba, akaniuliza, "Zamani lini?" Nikamwambia tarehe. Akarudia mwezi tu, "Agosti," akahesabu kwa vidole mpaka Februari.

Halafu akanionyesha kwenye simu yake picha nyingine. Alitaka nijue kwamba ipo. Ovonramwen alijificha msituni miezi sita, na Agosti 1897 akaja mjini mwenyewe kujisalimisha. Akahukumiwa kupelekwa Calabar, akatiwa kwenye meli iitwayo Ivy. Kwenye picha amekaa, kajifunika nguo pana mpaka chini, nyuma yake wamesimama askari Waafrika na bunduki. Anatazama kamera moja kwa moja. Nguo ile imeficha pingu za miguuni. Aliyepiga ni Jonathan Adagogo Green, kijana Mwibani wa mji wa Bonny mwenye miaka ishirini na kitu, aliyekuwa na studio yake na aliyefariki akiwa na miaka 32. Kwenye kazi zake aliandika J. A. Green, na wengi walioona jina hilo kwa miaka mingi walidhani ni Mzungu.

Niliitazama ile picha kuliko hata ile ya vibao. Mkono wa fundi unaonekana. Green alikuwa akiuza picha zake kwa Waingereza, lazima apate mlo, na meli ni yao na mfungwa ni wao. Lakini kamera kaiweka usawa wa macho ya Oba. Hakumtazama kwa juu. Kama nguo ile iliombwa na Oba, au ilipangwa na Green, au ni askari waliotaka minyororo isionekane, picha haisemi. Nilimuuliza mama anaonaje. Akasema kwao mtu haulizi Oba amevaa nini, anasema "Oba gha to kpere, ise", Oba na aishi maisha marefu, amina, na anapita.

Ovonramwen hakurudi, alifia Calabar mwaka 1914, na mwaka huo huo mwanawe akakalishwa kitini kama Eweka wa Pili. Khalid wetu alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akavushwa Dar es Salaam. Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakamkuta huko, wakampeleka St Helena na Shelisheli, akaja kufia Mombasa 1927. Hawa wawili hawakuonana kamwe.

Kuhusu vitu kurudi, mama alikuwa na mengi na mimi nilikuwa na swali moja tu. Ujerumani walikabidhi miliki mwaka 2022, na Desemba mwaka huo waziri wao wa mambo ya nje akavileta Abuja vipande vipatavyo 20 kwa ndege. Uholanzi walirudisha 119 mwaka 2025. Makumbusho ya Uingereza yanavyo zaidi ya 900 na yanasema sheria ya mwaka 1963 inawafunga mikono. Huko nyumbani nako kuna mvutano wa nani akae navyo, Oba au taasisi, na nilipoligusa hilo aliinua mkono, akasema mambo ya ndani yasemwe ndani. Nikaelewa. Hapa kwetu Beit al-Ajaib, lililoponea mizinga ya Rawson, liliporomoka upande mmoja Desemba 2020 kwa kutotunzwa, na sina hamu ya kumweleza mgeni.

Swali langu lilikuwa kama watu wa Igun bado wanafua. Akacheka. Mjomba wake yuko mtaa ule ule mpaka leo, akasema, na anachomuudhi ni bei ya nta.

Nikamfungia fremu yake kwa gazeti na selotepu. Alitaka na ile ya Unguja, nikampa nakala, tukavutana kuhusu bei kama ilivyo ada, yeye akitaka kulipa zaidi na mimi chini. Mwishowe akaacha noti mezani akaondoka, na "kwaheri" akaitamka vizuri kama ile "hodi".

Kikaratasi cha baba nilikibandua kwa maji ya moto na kisu cha kukatia kadi. Kilikuwa kimeng'ang'ania. Mahali pake nimeandika kwa penseli: Beit al-Hukum, 27 Agosti 1896, H. Rawson.

Msimu ulipofunguka, Juni, waliingia mume na mke wa Kizungu, wastaarabu, wamevaa kofia za ukili mpya. Mwanamke akasimama mbele ya picha, akaniuliza kama lilikuwa tetemeko la ardhi.

"Hapana," nikamwambia. "Ilikuwa saa tatu na dakika mbili asubuhi."

Akatikisa kichwa kwa heshima. Wakanunua kadi mbili za mlango wa kuchonga.